Kwa nini Pugu ilivamiwa 1889 na misheni ya Bagamoyo ikaachwa? (Uzi wa dini zote, si wa kumlenga mtu)

#1 Dunda Mjini
Salaam wakuu.

Kila mada ya ugaidi wa kidini ikiletwa humu, ukurasa wa pili tu watu wanaanza kuhesabiana maiti: nyie mmefanya hili, sisi hatukufanya lile. Naomba leo tuanzie nyumbani, kwa kisa kinachozisumbua nadharia zote ninazozijua.

Tarehe 13 Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misheni ya Wabenediktini ya Pugu ilivamiwa. Watawa watatu waliuawa, mmoja wao mwanamke, wengine wakachukuliwa mateka mpaka walipokombolewa kwa malipo. Kipindi hichohicho hapa Bagamoyo misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwapo tangu 1868, haikuguswa. Watu walikimbilia humo vita vilipopamba moto, na Padre Etienne Baur aliweza kuzungumza na Abushiri wakati Wajerumani hawawezi hata kumsogelea.

Kule Wakatoliki, huku Wakatoliki. Kama ni chuki ya dini, mbona ilichagua? Na kama dini haimo, ilikuwaje silaha zikaelekezwa kwenye nyumba ya watawa?

Swali langu pana ni hilo: nini hasa kinamfikisha mtu wa dini yoyote mahali pa kuua kwa jina la dini? Leteni majina, miaka na utaratibu wa mambo ulivyokwenda. Mahubiri tutayasikia Ijumaa na Jumapili.

#2 Mchokonozi wa Ngamiani
Nimeshika siti ya mbele. Kahawa na kashata vipo.

#3 Binti Pangani
Pugu ilikuwa suala la bendera tu, kaka Dunda. Wabenediktini walifika 1888, Wajerumani, na machoni pa watu wa pwani walikuwa kitu kimoja na DOAG, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mapadri wa Bagamoyo walikuwa Wafaransa, wengi wa Alsace, na walishakaa na wenyeji miaka 20 kabla kampuni haijasimika mlingoti.

Na vita vyenyewe vilianzia kwetu. Agosti 1888 DOAG ilichukua forodha ilizokodishiwa na Sultani Khalifa, ikataka bendera yake ipande Pangani. Mtu wao pale, Emil von Zelewski, watu walimpa jina la Nyundo. Kinachosimuliwa hadi leo ni kwamba Wajerumani waliingia msikitini na viatu na mbwa, siku za Idd, wakimsaka liwali. Lakini ushuru ulishauma kabla ya hapo, na wakubwa wa mji walishavuliwa heshima yao. Mbwa msikitini aliwapa watu wa tabaka zote kitu kimoja cha kukasirikia. Dini pale ilikuwa kibiriti, kuni zilishakauka.

#4 Mzee wa Raskazone
Nyundo huyohuyo ndiye aliyekuja kufia Lugalo Agosti 1891, mikononi mwa Wahehe. Endeleeni.

#5 Kaole Magofuni
Binti Pangani umeruka kitu. Pugu ilipokea watumwa walionyang'anywa na manowari za Kijerumani baharini. Kwa mwenye watumwa, ile nyumba ilikuwa imehifadhi mali yake iliyoporwa. Alama ya msalaba mlangoni haikuwa hoja kwake.

#6 Dunda Mjini
Kaole, Bagamoyo nayo ilikuwa na kijiji kizima cha watumwa waliokombolewa, tena miaka mingi kabla ya Pugu. Wengi walinunuliwa. Mbona hao hawakufuatwa?

#7 Kaole Magofuni
Umejijibu mwenyewe. Walinunuliwa. Aliyelipwa hana anachodai. Manowari haikumlipa mtu.

#8 Mwalimu wa Muheza
Habari zenu wote. Mnajadili vita vya ushuru halafu mnaviita vya dini. Chukueni kisa kisicho na ushuru, bendera wala mkoloni tuone nadharia yenu itasimama wapi.

Kanungu, Uganda, 17 Machi 2000. Kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, chini ya Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na padri Dominic Kataribabo. Waumini waliambiwa dunia inaisha 31 Desemba 1999. Mashamba na mifugo vilishauzwa, fedha ziko kwa viongozi. Kambini walikatazwa kusema, wakawa wanaongea kwa ishara ili ulimi usije ukavunja amri. Sasa fikiria kazi inayofanywa na ukimya huo: watu mia kadhaa wanalala chumba kimoja na hakuna anayeweza kumnong'oneza mwenzake kwamba ameanza kuwa na shaka.

Januari ikafika, dunia ipo. Watu wakaanza kudai mali zao. Tarehe ikasogezwa hadi Machi. Wakachinja ng'ombe watatu, wakaagiza kreti 70 za soda, wakala. Kisha wakaingia kanisani, milango na madirisha yakapigiliwa misumari, kukawashwa moto. Mle peke yake walikufa watu zaidi ya 500. Polisi walipofukua nyumba nyingine za kundi hilo walikuta mamia wengine chini ya sakafu na mashambani, na hao walikuwa wameuawa kabla ya moto. Maelezo yanayopewa uzito zaidi ni kwamba waliodai mali ndio waliotangulizwa.

Hapo forodha iko wapi, Binti Pangani?

#9 Mchokonozi wa Ngamiani
Hata kiyama kina kamati ya vinywaji.

#10 Karani wa Chumbageni
Mchokonozi, marehemu hao wana ndugu zao.

Mwalimu, Shakahola kule Kilifi, Kenya, ni mwendo uleule, ila taratibu zaidi, na kila hatua inaonekana. Paul Mackenzie alianza kanisa lake Malindi 2003. Iliyoanza ni shule: 2017 alikamatwa kwa kuhimiza watoto watolewe madarasani. Ikafuata hospitali. Vikafuata vitambulisho: Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali ya Kenya, ilipoletwa 2019 akaihubiri kuwa alama ya mnyama. Mtoto akikosa shule, mwalimu hamuulizii. Mgonjwa asipokwenda zahanati, hana faili. Mtu asipokuwa na kitambulisho, hata akipotea hakuna daftari linalopungua. Mwaka huohuo wa 2019 kanisa la mjini likafungwa, waumini wakaanza kuhamia msituni, kwenye eneo la ekari kama 800 lililogawanywa vitongoji vyenye majina ya Biblia.

Chakula kilikuja mwisho kabisa. Kwa maelezo ya upande wa mashtaka mfungo ulipangiwa zamu: watoto watangulie, wafuate vijana, wanawake, kisha wanaume, na kiongozi awe wa mwisho. Ufukuaji ulianza Aprili 2023 na miili ikapita 400. Wapasuaji wa serikali walikuta baadhi wamenyongwa au wamezibwa pumzi, yaani waliochelewa kufa kwa njaa walimaliziwa.

Anayengoja kuingilia mpaka asikie mtu anakataza chakula amechelewa miaka mitano.

#11 Ustadhi wa Barabara ya 12
Asalaam aleikum. Ahsante Karani, hiyo namba 10 ichapishwe ibandikwe.

Ila nawakumbusha kwamba wanaokataza chakula na wanaobeba bunduki ni watu wa aina mbili. Kwa hao wa pili, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa ripoti 2017 baada ya kuhoji watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi ya Afrika, mengi yao yakijiita ya Kiislamu. Asilimia 57 walikiri kwamba maandiko hawayaelewi au wanayaelewa kidogo sana. Aliyekaa madrasa angalau miaka 6 alikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga, tofauti inafika asilimia 32. Na asilimia 71 walitaja tendo la dola, ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa, kuwa ndilo lililowamalizia subira. Mnaosema funga madrasa, mnafunga kinga.

#12 Takwimu Hazidanganyi
Ustadhi, tenganisha ripoti mbili, maana namba 71 imejirudia zote mbili kwa maana tofauti na watu wanazichanganya kila siku. Ya 2017 ni kama ulivyosema. Ya 2023, iliyohoji karibu watu 2,200 katika nchi 8, ilikuta asilimia 48 ya waliojiunga kwa hiari walikuwa na tukio fulani lililowasukuma, na 71 ni asilimia ya HAO 48. Hiyo ni kama theluthi moja ya wote. Sababu kubwa iliyotajwa 2023 ilikuwa ajira, asilimia 25. Itikadi ya dini ilipata 17.

Na kumbuka wanaohojiwa wengi ni waliokamatwa au waliojisalimisha. Mtu aliye mikononi mwa dola ana sababu zake za kuchagua la kusema. "Niliingia kwa kukosa kazi" linasikika vizuri kuliko "niliamini".

#13 Bonde Kwetu
Hilo la ajira lina matundu. Aum Shinrikyo wa Japani, waliomwaga gesi ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo tarehe 20 Machi 1995, walikuwa na wanakemia na madaktari. Baruch Goldstein, Myahudi aliyeua Waislamu 29 wakiwa kwenye swala Hebron tarehe 25 Februari 1994, alikuwa daktari. Mohamed Atta, kiongozi wa watekaji ndege wa Septemba 11, 2001, alisomea mipango miji Hamburg. Hao kazi gani walikosa?

#14 Takwimu Hazidanganyi
Viongozi na watekelezaji wa mambo makubwa ni wasomi. Wanaojazwa porini kubeba mizigo ni wasio na kazi. Bonde, unachanganya mwenye duka na kuli.

#15 Mchokonozi wa Ngamiani
Wabudha tu ndio safi. Wale wanafumba macho na kupumua.

#16 Mzee wa Raskazone
Kijana, Myanmar kuna mtawa anaitwa Ashin Wirathu, kiongozi wa vuguvugu la 969. Waliwahimiza Wabudha wasinunue kwenye maduka ya Waislamu, wasiwaoze binti zao. Vibandiko vya 969 vilikuwa kwenye maduka na teksi ili mnunuzi ajue aingie wapi. Agosti 2017 jeshi lilipoingia jimbo la Rakhine, Warohingya, ambao ni Waislamu, zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh. Sri Lanka nako, Juni 2014, vurugu za Aluthgama zilizuka baada ya mkutano wa Bodu Bala Sena, kundi la watawa.

Pumua taratibu.

#17 Mchokonozi wa Ngamiani
😂😂 Shikamoo mzee.

#18 Kaole Magofuni
Orodha ya Mzee wa Raskazone iongezeni Ayodhya, India. Tarehe 6 Desemba 1992 msikiti wa Babri ulibomolewa na umati wa Wahindu kwa mikono, nyundo na sururu, na machafuko yaliyofuata yaliua watu kama 2,000. Na mwuaji wa Gandhi, Nathuram Godse, alikuwa Mhindu kama Gandhi mwenyewe. Yigal Amir aliyemwua Rabin, Waziri Mkuu wa Israel, 1995 alikuwa Myahudi mwenzake. Mwenye msimamo mkali huanza na wa nyumbani anayemwona amelegea.

#19 Bonde Kwetu
Na mnaodhani kujitoa mhanga ni mali ya dini moja: mtafiti Robert Pape alihesabu mashambulizi 315 ya kujilipua kati ya 1980 na 2003. Waliokuwa mbele ya wote ni Tamil Tigers wa Sri Lanka, 76. Hao hawakuahidiwa pepo na mtu. Walipigania ardhi.

#20 Takwimu Hazidanganyi
Hesabu iliyoishia 2003 haijaona Iraq. Baada ya hapo picha inabadilika kabisa, na nyingi zikawa Waislamu wakiwaua Waislamu, misikitini na sokoni. Pape anatufaa kwa kipindi chake tu.

#21 Msimamizi wa Jukwaa
Uzi ubaki wazi. Post mbili za matusi zimefutwa. Asiyeweza kutaja dini ya mwenzake bila kumtukana akapumzike.

#22 Mwalimu wa Muheza
Mnavyotaja watu wa kujilipua, mmesahau watu wa kinga. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji, Wajerumani wakamnyonga Agosti 1905, na vita vya Maji Maji vikaendelea bila yeye. Alice Lakwena wa Uganda, 1986 hadi 1987, aliwapaka wapiganaji mafuta ya mmea wa shea na kuwakataza kujificha nyuma ya miti au vichuguu wakati risasi zinapita. Alifika karibu na Jinja kabla hajapigwa. Joseph Kony, aliyeongoza waasi wa LRA, alitokea hukohuko.

Tazama kinachofanyika kinga ikishindwa. Kule Maji Maji, aliyepigwa risasi alisemwa kavunja mwiko. Kwa Lakwena, alikuwa na dhambi. Kwa Kibwetere, tarehe ilisogezwa. Fundisho ambalo kila maiti anakuwa ushahidi wa ukweli wake halina mahali pa kupingwa kwa hoja. Hapo ndipo nasema mafundisho yana hatia yake, msiyafiche nyuma ya ushuru.

#23 Binti Pangani
Mwalimu, kabla ya maji kulikuwa na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko na kodi ya nyumba. Maji yasingenyweka kama si pamba.

#24 Mwalimu wa Muheza
Pamba ya kulazimishwa haikuwa Umatumbi peke yake. Sehemu nyingine zilizoteseka zilibaki kimya. Mpaka maji yafike.

#25 Mwanasheria Majani Mapana
Naombeni tutazame Rwanda, maana inavuruga pande zote mbili. Parokia ya Nyange, Aprili 1994: Watutsi wapatao 1,500 au zaidi walijificha kanisani, likaangushwa juu yao kwa buldoza. Paroko wao, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya Arusha, na rufaa ya 2008 ikampa kifungo cha maisha. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, Msabato, alipata miaka 10. Waliouawa na waliowaua walisali pamoja Jumapili zilizotangulia. Hapakuwa na fundisho geni wala kambi msituni. Kulikuwa na vitambulisho vya kabila na redio.

#26 Bonde Kwetu
Hoja nzuri, na inanirudisha huku. Kwetu Bonde, tangu wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipokita Magila, nyumba moja ina Waislamu na Wakristo. Mjomba ni shemasi, mpwa ni maalimu. Msiba ukitokea, wote wanachimba kaburi. Kuchoma kanisa maana yake ni kuchoma alipobatizwa mama mdogo. Naona hiyo ndiyo inayotulinda kuliko mikutano yote ya kamati za amani.

#27 Mwanasheria Majani Mapana
Sarajevo, Bosnia, walioana pia. Rwanda vilevile. Undugu unazuia ugomvi mdogo, ila wenye nguvu wakishaamua kugawa watu, unakuwa orodha ya nani anaishi na nani.

#28 Takwimu Hazidanganyi
Mimi natoa sifa kwa sensa. Tanzania haijauliza dini ya mtu kwenye sensa tangu 1967. Hakuna asilimia rasmi ya kupigania bajeti wala viti.

#29 Ustadhi wa Barabara ya 12
Ndiyo maana kila upande unadai ndio wengi, na hakuna wa kumbishia. Hiyo nayo ni hasira inayohifadhiwa, bwana Takwimu.

#30 Karani wa Chumbageni
Tuache Sarajevo, tuangalie zilizotokea hapa nchini, maana zote zilianza na vitu vidogo.

Aprili 1993 Dar es Salaam, mabucha ya nguruwe yalivunjwa. Buseresere, Geita, Februari 2013, ugomvi wa nani achinje ukaishia kwa mchungaji kuuawa. Ukiuchambua huo wa kuchinja, kuna ibada ndani yake lakini kuna pia ujira wa mchinjaji kwa kila mnyama na bucha lipi lipate wateja. Mbagala, Oktoba 2012, watoto wawili walibishana kwamba atakayekojolea msahafu atageuka kitu kingine, mmoja akajaribu. Jambo lilifika polisi, umati ukataka upewe mtoto, ukanyimwa, Ijumaa makanisa kadhaa yakavunjwa na kuchomwa.

Kosa la Mbagala si kwamba jambo lilipelekwa polisi. Ni kwamba mtoto alijulikana yuko kituo cha palepale, na ilipofika swala ya Ijumaa uvumi ulikuwa umeshatangulia na wazee walikuwa hawajasema kitu. Tukio la namna hii lina saa chache. Mtoto na wazazi wake wahamishiwe wilaya nyingine usiku uleule. Kitabu kiwekwe kama kielelezo, kisizungushwe wala kupigwa picha. Imamu na mchungaji wa mtaa waonekane wamesimama pamoja, kwa macho ya watu, kabla ya adhana ya Ijumaa, na wasome maelezo mafupi yanayofanana neno kwa neno. Kila mmoja akieleza kivyake, tofauti ya maneno yao ndiyo itakayosambaa.

#31 Dunda Mjini
Shukrani Karani. Hii ndiyo niliyoitaka.

#32 Mchokonozi wa Ngamiani
Na mihadhara ya kulinganisha dini? Ile ya viwanjani, Biblia mkononi, Kurani mkononi, spika mbili za kukodi?

#33 Mwanasheria Majani Mapana
Kanuni ya Adhabu kifungu cha 129 kinakataza kutamka neno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu. Neno kubwa hapo ni NIA. Katika kesi ya Dibagula ya Morogoro, mshtakiwa alifungwa miezi 18 kwa kutangaza kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mahakama ya Rufani 2003 ikaifuta hatia hiyo: kutamka imani yako, hata ikimuudhi jirani, si kosa mpaka ithibitike ulikusudia kuumiza. Kwa hiyo mihadhara yenyewe ni halali.

#34 Ustadhi wa Barabara ya 12
Na bora iendelee. Mhadhara una jukwaa, saa ya kuanza, na watu wa kujibu. Kanda na vipande vya simu havina wa kujibu. Kanda za mhubiri Aboud Rogo wa Mombasa, aliyepigwa risasi Agosti 2012, zilivuka mpaka baada ya kifo chake kuliko alipokuwa hai.

#35 Mtalii wa Ndani
Samahani kuingilia, mbona hakuna anayetaja Amboni hapo mlangoni kwenu? Februari 2015 magaidi walijificha mapangoni!

#36 Mzee wa Raskazone
Punguza. Walikuwa vijana wenye silaha walizopora kwa polisi, wakakabiliana na polisi na JWTZ. Askari mmoja wa JWTZ alifariki, polisi kadhaa wakajeruhiwa. Jeshi la Polisi lilisema ni wahalifu, si Al-Shabaab. Na si mapango ya watalii, ni upande wa Majimoto.

#37 Bonde Kwetu
Mzee, polisi kusema ni wahalifu hakumalizi mjadala. Mwaka huohuo silaha ziliporwa kituo cha Ikwiriri Januari na Stakishari Julai. Kisha Kibiti, Mkuranga na Rufiji: viongozi wa vijiji wakiuawa mmoja mmoja, na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 kwa mpigo. Jambazi anataka fedha. Mwenyekiti wa kitongoji ana fedha gani?

#38 Binti Pangani
Ana orodha ya wakazi na ndiye anayejua mgeni kaingia lini. Hata genge la magendo lingemuua kwa hilo. Hakuna kundi lililojitokeza kudai Kibiti, kwa hiyo tusiliandikie kadi ya uanachama.

#39 Mchokonozi wa Ngamiani
Mapango yale ya Amboni yana historia ya wageni. Osale Otango na Paulo Hamisi walijificha humo miaka ya 1950, Mwingereza akawatafuta mpaka akachoka. Na mzimu wa Mabavu uko mlemle, watu wanaweka nazi na fedha. Dini tatu na majambazi ndani ya jiwe moja.

#40 Mtalii wa Ndani
Osale alikuwa gaidi?

#41 Mchokonozi wa Ngamiani
Kwa mwenye shamba la mkonge, ndiyo. Gaidi mwingine ni African Sports wakicheza na Coastal.

#42 Mwalimu wa Muheza
Rudini kwenye mstari. Mfano unaotuhusu zaidi uko ng'ambo ya Ruvuma. Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, havikuanza na bunduki tarehe 5 Oktoba 2017. Miaka kabla ya vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia kuvamiwa, kulikuwa na vijana waliowaambia wazee kwamba swala yao batili, wakaingia misikitini na viatu, wakajenga pa kwao, wakakataza shule ya serikali. Wazee wa Kiislamu walipeleka taarifa. Serikali iliona ni ugomvi wa Waislamu wao kwa wao. Ilipogutuka ikakamata wengi kwa pamoja, waliohusika na wasiohusika, misikiti ikafungwa. Oktoba 2020 wakavuka hadi Kitaya, Mtwara.

#43 Ustadhi wa Barabara ya 12
Na huko kuna rubi na gesi, Mwalimu. Wachimbaji wadogo walifukuzwa Montepuez mwaka huohuo wa 2017. Usiyaweke mafundisho peke yake tena.

#44 Mwalimu wa Muheza
Rubi iko Montepuez. Vita vilianza Mocímboa, mbali na hapo. Pima kwenye ramani.

#45 Karani wa Chumbageni
Mbali, lakini waliofukuzwa wana miguu.

Kwa anayetaka cha kufanya kesho: mimi ningeanza na usajili. Rwanda 2018 walifunga maelfu ya nyumba za ibada na sheria ikamtaka kiongozi wa dini awe na shahada ya masomo ya dini. Huku kwetu mtu anakodi fremu, ananunua spika, Jumapili ijayo ni nabii. Nyumba ya ibada iwe na bodi, akaunti ya benki yenye watia saini watatu wasio ndugu, na hesabu zisomwe mbele ya waumini. Anayekusanya mashamba ya watu angeonekana kwenye vitabu mapema.

#46 Mwanasheria Majani Mapana
Akaunti na bodi, naunga mkono. Shahada, hapana. Kataribabo wa Kanungu alikuwa padri aliyesoma mpaka Loyola Marymount, Los Angeles. Seromba alipadrishwa kihalali. Wote wangepita usajili wako siku ya kwanza.

#47 Karani wa Chumbageni
Mackenzie alikuwa dereva wa teksi, asingepita. Kwa hiyo wakili unashauri tumwachie huyo kwa sababu hatuwezi kumzuia yule?